Busso si mlio peke yake

Mwandishi wa makala moja ya magari anasema wapenzi wa magari ya spoti hawaachani na Busso, yaani V6 (injini ya silinda sita) ya zamani ya Alfa Romeo, kampuni ya magari ya Italia, kwa sababu ya mlio wake. Kweli, lakini amefupisha mno. Hapa Malindi, kwa Waitaliano tulionao, ubishi huu hauishi.

Injini ile aliibuni Giuseppe Busso, ikatoka 1979 ndani ya gari la Alfa 6 ikiwa na ujazo wa lita 2.5. Silinda sita, tatu kila upande, na pande hizo mbili zimeachana kwa pembe ya nyuzi 60 kama herufi V. Ndiyo maana inazunguka laini bila kutetemeka sana. Halafu fungua boneti ya matoleo ya baadaye uone paipu sita za hewa zinavyong'aa! Injini za siku hizi zimefunikwa plastiki kama wali chini ya kawa, huoni kitu.

Iliacha kutengenezwa 2005, na mzee Busso mwenyewe akafariki Januari 2006. (Hilo mwandishi kaliachaje?)

Bei sizungumzii. Ila mkanda wa taimingi (unaoendesha vali za injini) hautaki mzaha, na anayeitamani GTV6, gari la spoti la Alfa Romeo lenye injini hii, huku pwani akague kutu chini ya gari kwanza. Chumvi yetu hula bodi injini ikiwa bado nzima.