Goblin au Suffragette: nani aipe jina njia ya treni?

Njia moja ya treni ya London ilikuwa na jina la mtaani, Goblin, kisha wakubwa wakaibatiza Suffragette. Turudi nyuma kwanza. Mwaka 1906 London ilifungua reli ya chini ya ardhi iliyoitwa rasmi Baker Street and Waterloo Railway. Jina refu kama treni yenyewe. Gazeti moja likalikata likawa Bakerloo, abiria wakalidaka, na miezi michache tu baadaye kampuni ikalikubali. Jarida moja la mambo ya reli lilikasirika, likaona ni aibu kampuni kujiita kwa lugha ya mtaani. Leo Bakerloo limo kwenye kila ramani.

Kabla ya hapo, mwaka 1900, Central London Railway ilianza kwa nauli moja ya peni mbili popote ushukiapo, watu wakaiita Twopenny Tube, yaani Bomba la Peni Mbili. Hilo "Tube" ndilo jina la mtandao mzima hadi sasa. Sisi tuliokulia kwenye matatu tunalielewa vizuri, maana neno letu nalo lilizaliwa na nauli: sarafu tatu za senti kumi.

Ndiyo maana hatua ya Novemba 2024 imeniacha na mawazo mawili. Mamlaka ya usafiri ya London ilizipa majina njia sita za Overground, reli dada zipitazo zaidi juu ya ardhi: Lioness, Mildmay, Windrush, Weaver, Suffragette na Liberty. Kazi hiyo ilitengewa pauni milioni 6.3, na wapo waliosema fedha hizo zingeboresha huduma kwanza.

Lakini tatizo lilikuwepo kweli. Pale stesheni ya Clapham Junction zilisimama treni mbili, zote Overground, zote rangi ya chungwa kwenye ramani. Moja yaenda Stratford, nyingine Dalston Junction. Tangazo likisema Overground imechelewa, mgeni angejuaje kama ni yake? Sasa ya kwanza ni Mildmay, ya pili Windrush, na ukisikia jina unajua kama ukae au ukimbie. Windrush, tena, lina uzito wake: ni meli iliyoleta Wakaribi Uingereza mwaka 1948, na njia hiyo inapita mitaa waliyoijenga wao na watoto wao. Hapo sina ubishi.

Kinachoniuma ni Goblin. Njia ya Gospel Oak hadi Barking ilikuwa na jina la mtaani tayari, limeunganishwa kutoka vilivyokuwa vituo vyake viwili vya mwisho, Go ya Gospel Oak na b ya Barking, likamalizia na lin ya "line", yaani njia, kwa ufundi uleule wa Bakerloo. Ukilisikia unajua treni inapita wapi. Suffragette linawaenzi wanawake wa London ya mashariki waliopigania kura, na wanastahili, ila halimwelekezi abiria popote. Wangeandika Goblin kwenye ramani, na historia ya wanawake hao wakaibandika kubwa ukutani stesheni ya Barking, wangeyapata yote mawili.