Rangi arobaini ndani ya uzi mmoja: chipu au vichujio kwa Unguja na Pemba?

Mkaazi wa kisiwani anajua uzito wa kitu kinachopita chini ya bahari. Umeme wa Unguja hutoka Ras Kiromoni, bara, hadi Fumba, na njia hiyo ilipopata hitilafu Desemba 2009 tulikaa gizani kiasi cha miezi mitatu. Mawasiliano nayo yana kivuko chake, na kulaza mkongo mpya baharini ni gharama kubwa. Ndiyo maana nauleta hapa mjadala ambao huachiwa mafundi: tukitaka kupitisha mengi zaidi katika nyuzi za kioo zilizokwisha kulazwa, nuru tuichanganye na kuitenganisha kwa kifaa gani?

Uzi mmoja unaweza kubeba mikondo 40 ya nuru kwa pamoja, kila mmoja na urefu wake wa wimbi, karibu na nanomita 1550 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Naiita rangi, ingawa jicho haliioni. Kila rangi ikibeba gigabiti 10 kwa sekunde, uzi unabeba 400. Lakini rangi moja na jirani yake zinaachana kwa nanomita 0.8 tu.

Njia ya mwanzo ni vichujio vya utando: kioo kilichopakwa tabaka nyembamba nyingi, kinachopitisha rangi moja na kurudisha zilizobaki, nazo zikapelekwa kwenye kichujio kinachofuata. Njia ya pili ilibuniwa na Meint Smit wa Uholanzi mwaka 1988, ikaendelezwa Japani na Marekani. Hii ni chipu. Nuru ikiingia hutawanyika katika vijia vingi vilivyopinda, kila kijia kikiwa kirefu kuliko cha pembeni yake kwa kiasi kile kile. Mwishoni nuru hukutana tena, na kwa sababu ya tofauti hiyo ya mwendo kila rangi hujikusanya mahali pake. Kipande kisichozidi kiganja hutoa rangi zote 40 kwa mkupuo.

Wanaoipenda chipu wana hoja nzito. Vichujio vikiungwa kimoja baada ya kingine, rangi ya mwisho hufika imechoka, kwa sababu imepitia vichujio vyote. Kwa rangi nane si tatizo. Kwa 40 ni tatizo kubwa. Chipu hupunguza nuru karibu sawasawa kwa rangi zote. Hata hivyo haipunguzi kidogo: desibeli (kipimo cha kupungua kwa nuru) 3 hadi 5, na zinahitajika chipu mbili, moja kila upande. Uzi mzuri hupoteza kama desibeli 0.2 kwa kilomita, kwa hiyo jozi inayopoteza 10 ni sawa na kilomita 50 za ziada, karibu na upana wa Mkondo wa Pemba wenyewe. Ni kama kuuvuka mara mbili.

Linalonisumbua zaidi ni joto. Chipu ya kawaida husogeza rangi zake kwa nanomita 0.011 kwa kila digrii. Kabati la mtambo lililo juani wakati wa kaskazi likipanda kutoka digrii 25 hadi 55, rangi zimeshasogea nanomita 0.33, na nafasi nzima kati yao ni 0.8. Mawasiliano yanaharibika hapo. Dawa ya kawaida ni kuipasha chipu joto lisilobadilika kwa kipasha cha umeme, lakini umeme ukikatika na betri zikaisha, chipu inapoa na rangi zinahama. Kwa visiwa vyetu siikubali dawa hiyo. Zipo chipu zinazojirekebisha zenyewe bila umeme, kwa kutumia vitu ambavyo kutanuka kwake kwa joto hufuta msogeo huo wa rangi. Ni ghali zaidi, na kasha lake lazima lizibwe vizuri, maana hewa ya chumvi haisamehe gundi. Vichujio vya utando vinasogea kidogo sana kwa joto, na hilo ni haki yao.

Upande wa vichujio unasema pia kwamba chipu ikifa, rangi 40 zinazimika pamoja, na kwamba unanunua milango 40, mmoja kwa kila rangi, siku ya kwanza hata ukihitaji sita. Ni kweli. Ila chipu moja ya akiba stoo inatosha kwa vituo vyote vya aina hiyo, wakati vichujio vinataka akiba ya kila kundi la rangi. Na kuongeza vichujio baadaye bila kuwakatia wateja kunawezekana tu ikiwa mlango wa upanuzi uliachwa tangu mwanzo, wengi huusahau.

Mimi nauweka mpaka ufukweni. Kwa vivuko vya bahari, ambako nyuzi ni chache na huwezi kuongeza hata moja, ningeweka chipu inayojirekebisha, pamoja na vikuza nuru vya kulipia kinachopotea. Kutoka Mjini hadi Makunduchi au Nungwi hesabu ni nyingine. Huko gharama kubwa ni kuchimba mtaro. Nyuzi za ziada ndani ya waya huongeza kidogo tu, na vichujio vichache vyenye rangi zilizoachana nanomita 20 vinatosha. Kuweka chipu ya milango 40 katika kituo cha shamba kinachotumia mitatu ni kuondoa fedha mahali inapohitajika, yaani kwenye njia ya pili ya kwenda Pemba, ili ya kwanza ikikatika kisiwa kisinyamaze.