Si kila kitu cha iCloud hufungwa

Kwamba ukiwasha Advanced Data Protection, ulinzi wa hiari wa iPhone unaofunga data zako za iCloud (hifadhi ya mtandaoni ya Apple) kwa funguo zilizo kwenye vifaa vyako tu, basi hata Apple hawasomi chochote ulichohifadhi iCloud, si kweli. Barua pepe, kalenda na orodha ya majina na namba hubaki nje ya ulinzi huo. Zinazofungwa ni picha, noti, faili na, kubwa kuliko yote, nakala rudufu ya simu yenyewe. Kwa hilo tu inafaa kuwashwa. Ila ufunguo wa kurejesha akaunti, wenye herufi na tarakimu 28, uandike kwenye karatasi: ukiupiga picha, picha hiyo inapanda iCloud ileile utakayokuwa umefungiwa nje. Ukipoteza ufunguo, nywila na vifaa kwa pamoja, Apple hawawezi kukufungulia. iPad ya zamani isiyofika toleo la 16.2 la mfumo wake nayo itakuzuia kuuwasha ulinzi huu mpaka uiondoe kwenye akaunti. Wenzangu, mmechagua ufunguo au mtu wa kuaminika wa kuwasaidia kurejesha akaunti?