Sindano au Safari: Usaha Ndani ya Jicho na Kilomita 350 za Kutoka Tanga

Shangazi yangu wa Pongwe alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na bandeji ilipofunguliwa kesho yake aliwatambua wajukuu wote waliosimama mlangoni. Siku ya nne jicho likaanza kumuuma kwa ndani, likipwita kama jipu, kope zikavimba na ukungu ukarudi. Hospitali iliyomfanyia upasuaji ilimwambia aendelee na matone mpaka tarehe yake ya kliniki. Alipofikishwa kwa daktari mwingine siku mbili baadaye, nyuma ya kioo cha jicho palikuwa na usaha uliotuama chini kwa mstari ulionyooka, kama tui lililotulia ndani ya glasi. Daktari alimkalisha akielekea dirishani, akapunga mkono mbele yake, akamwuliza anaona nini. Shangazi alijibu kwamba anaona mkono unapita, lakini vidole hawezi kuvihesabu.

Jibu hilo lina uzito kuliko lilivyosikika chumbani mle, kwa sababu ndilo linalogawa njia ya matibabu ya ugonjwa huu ambao wataalamu huuita endoftalmaiti, yaani maambukizi yaliyoingia ndani kabisa ya jicho. Bakteria wakishafika kwenye ute, ile sehemu angavu na nzito iliyo nyuma ya lenzi, wanakuwa mahali pasipo na mishipa ya damu, ambapo kinga ya mwili huchelewa kufika na dawa ya kumeza hupenya kwa uchache. Matone nayo hayafiki huko kwa kiasi cha kutosha. Wakati huohuo sumu za bakteria, pamoja na mapambano ya mwili wenyewe dhidi yao, huiharibu retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na retina iliyokufa haifufuki.

Kuhusu mgonjwa wa namna hii anapoanzia Tanga, nimezisikia rai mbili. Ya kwanza husema kwamba mhudumu aliye karibu asiliguse jicho, bali amwandikie mgonjwa rufaa aende haraka hospitali kubwa ya rufaa, Muhimbili ya Dar es Salaam au KCMC ya Moshi, kwenye wataalamu wa retina na mashine ya kuondoa ute ulioambukizwa, upasuaji uitwao vitrektomia. Ya pili husema kwamba antibayotiki ichomwe ndani ya jicho palepale mkoani, siku ileile, na rufaa ifuate. Kutoka Tanga mjini hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 350, na hadi Moshi ni karibu sawa na hizo. Ukifika Segera, njia zinapogawana, bado sehemu kubwa ya safari iko mbele yako. Hapo sijahesabu siku ya kutafuta nauli wala ya kumtafuta ndugu wa kumpokea mgonjwa.

Ushahidi mkubwa unaotegemewa katika suala hili ni utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1995, uliowafuatilia wagonjwa 420 walioambukizwa ndani ya wiki sita baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho au wa kuwekewa lenzi. Wote walichomwa antibayotiki ndani ya jicho, ila baadhi walifanyiwa vitrektomia mara moja na wengine walichukuliwa sampuli ya ute tu. Kwa waliokuwa bado wanaona mkono ukipungwa, au zaidi ya hapo, vitrektomia ya haraka haikuongeza faida. Kwa waliobaki wanaona mwanga peke yake tofauti ilikuwa kubwa: waliofikia uwezo wa kuona wa 6/12 (kusoma kwa mita 6 kile ambacho jicho zima husoma kwa mita 12) au bora zaidi walikuwa asilimia 33 miongoni mwa waliofanyiwa vitrektomia na asilimia 11 miongoni mwa wasiofanyiwa, na waliopoteza kuona kwa kiwango kikubwa walikuwa asilimia 20 dhidi ya 47. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba antibayotiki za kupitia mshipa hazikubadili matokeo, jambo ambalo ndugu wengi hulipokea kwa shida, kwani kwetu mgonjwa asiyetundikiwa dripu huonekana kama hajatibiwa.

Kwa shangazi, basi, rai ya pili ilikuwa na nguvu zaidi. Dawa iliyokuwa ya kuliokoa jicho lake ingeweza kuingizwa kwa sindano nyembamba, kwa dakika chache, pasipo mashine. Kumsafirisha bila sindano hiyo kungekuwa kuwapa bakteria siku nyingine ya kuongezeka ndani ya basi.

Hata hivyo, wanaotahadharisha hawasemi ovyo. Tanga ni nchi ya mkonge, na kila jani la mkonge huishia kwenye mwiba mweusi, mgumu, wenye ncha kali. Mkata mkonge wa Muheza au Korogwe aliyechomwa jichoni na mwiba huo hafanani na shangazi yangu, na utafiti wa 1995 haukumhusu, kwa kuwa waliojeruhiwa hawakuingizwa. Mwiba unaweza kubeba fangasi, ambao antibayotiki haiwagusi, au bakteria wa udongo wa jamii ya Bacillus, ambao wanaweza kuliangamiza jicho ndani ya siku moja au mbili. Tena jicho lake lina tundu. Ukiliongezea maji ya dawa kabla tundu halijashonwa, unaweza kuyasukuma nje yaliyomo ndani. Huyu anahitaji kikinga kigumu kisicholigandamiza jicho, asichomolewe kilichonasa wala asitiwe maji ya majani au maziwa, kisha afike kwa haraka kwenye chumba cha upasuaji, ambako kushona na kuchoma dawa hufanywa pamoja.

Ipo pia hofu ya kipimo, nayo ni ya haki. Antibayotiki zinazochomwa ni mbili: vankomaisini huingizwa miligramu 1 na seftazidimu miligramu 2.25, kila moja ndani ya mililita 0.1 tu, ilhali kichupa cha vankomaisini mara nyingi kina miligramu 500. Ukiichanganya kwa mililita 10 za maji, ukavuta mililita 1 na kuiongezea mililita 4 nyingine, ndipo unapata mchanganyiko ambao mililita 0.1 yake ina miligramu 1. Kosa moja katika hesabu hiyo, usiku, kwa mikono iliyochoka, linaweza kumpa mgonjwa dozi inayochoma retina. Dawa hizo mbili hazichanganywi katika bomba moja, maana zikikutana hufanya mashapo. Gentamaisini, antibayotiki nyingine ambayo hupatikana kwa urahisi zaidi, imewahi kuua sehemu ya katikati ya retina hata kwa dozi ndogo, hivyo kuitumia kwa sababu tu ndiyo iliyopo kabatini si ujasiri.

Naukubali uzito wa hoja hizi, lakini naona zinadai maandalizi, hazidai kungoja. Jedwali la kuchanganya dawa linaweza kubandikwa ukutani, watu wawili wakahakiki kila hatua kwa sauti, na daktari wa macho wa mkoa akafundishwa mpaka mkono ukazoea. Panapokosekana mtu aliyefundishwa, rai ya kwanza inashinda, na gari liondoke usiku uleule. Nakubali pia kwamba vifaa vya vitrektomia vimekuwa vyembamba na salama zaidi tangu 1995, na wapo madaktari wanaoona mpaka wa "mkono ukipungwa" umepitwa na wakati. Kwa anayeishi karibu na chumba cha upasuaji huo, huenda wana haki. Kwa anayetokea Pangani au Maramba, mjadala huo unaanza baada ya sindano ya kwanza.

Kundi la tatu halitibiki kwa njia hii peke yake. Ni wale ambao bakteria wamefika jichoni kwa damu, kwa mfano mwenye kisukari aliye na jipu ndani ya ini. Hao antibayotiki ya mshipani ni ya lazima, kwa sababu jicho ni dalili tu ya maambukizi yanayoweza kuua.

Shangazi alichomwa sindano alasiri ileile, sampuli ikachukuliwa kwanza. Leo anauona mlango na anamjua anayeingia, ingawa uzi hauoni tundu la sindano ya kushonea. Barua yake ya rufaa ilikuwa na mistari mitatu iliyoandikwa kwa mkono: saa aliyochomwa dawa, kiasi cha kila dawa, na kwamba kabla ya sindano aliona mkono unapita. Daktari wa retina aliyempokea aliisoma mistari hiyo kabla ya kuwasha taa.