Goma–Bukavu kwa barabara, na sherehe ambayo haikuwa na postari

Kila nikisema napenda kwenda Bukavu kwa barabara, watu wa hapa Goma wananiangalia kama mgonjwa. Eti kano ya mbio, ile boti ya injini ya ziwa Kivu, inakufikisha masaa machache tu, wewe unataka kula vumbi siku nzima, Sake, Minova, Nyabibwe, Kalehe, Katana, kilometa karibu 200 za kuvunja mgongo, unatafuta nini huko? Leo wacha nijibu mara moja tuyamalize. Ndani ya kano unaona maji na migongo ya abiria wenzako, basi. Vijiji vya kando ya ziwa vinapita mbali kama picha ya kalenda.

Mwisho wa mwezi wa nane 2023 yaya yangu, ndugu yangu mkubwa, aliazima gari ya rafiki yake, tukatoka asubuhi sana, juu ya postari moja iliyokuwa inazunguka WhatsApp, eti festivali ya ufukweni, muziki, ngoma, chakula cha asili, upande wa Minova. Tulipita Sake, tukapita Bweremana tukiwa weupe kwa vumbi kama watu wa kinu, tukafika: hakuna podiumu, hakuna spika, hakuna mtu. Imeahirishwa. Wenyewe walioiandaa hawakumwambia mtu yeyote, na kijana mmoja wa moto, yaani wa pikipiki, ndiye alituambia huku anacheka, na kwa kweli ningekuwa yeye ningecheka pia.

Sasa sikia. Mwezi ulikuwa umejaa. Wavuvi wa sambaza, vile visamaki vidogo vya ziwa, wale wa mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wanafanya kazi usiku na taa, samaki wanafuata mwanga wanapanda kwenye wavu. Mwezi ukiwa mkubwa, mwanga uko ziwa zima, taa yako itamvuta nani? Kwa hiyo wavuvi walikuwa kwao. Papa mmoja alituelezea hivi: «Mwezi njo patro wetu, njo inatupatiaka konje.» Yaani mwezi ndio bosi, ndio unatupa likizo. Na bahati ikaangukia kwamba jirani yake anapokea dote, mahari ya binti yake siku ileile, basi tukaingizwa, bila kadi, bila kuulizwa ni wa nani, tukapewa kiti kimoja watu wawili.

Nimeenda festivali nyingi, lakini sijawahi kusikia kitu kama wale wanaume wakiimba nyimbo zao za kupiga kafi wakiwa wamekaa kwenye benchi nchi kavu, wanapiga mbao kwa mikono kana kwamba mtumbwi uko chini yao, mabega yanakwenda mbele na nyuma, wamama wanaitika kutoka jikoni, halafu korali ya kanisa yenye kitenge cha sare ikachukua wimbo uleule ikauweka sauti nne. Kasiksi, pombe ya ndizi, ilikuwa inatoka kwenye bidoni ya njano. Sambaza za kukaanga, pilipili, bugali ya muhogo. Yaya, ambaye mjini hachezi hata kwenye ndoa ya marafiki zake, alicheza mpaka akapoteza kiatu.

Na nikukumbushe jambo, hiyo sambaza tunayoiita yetu yenyewe ni mgeni, ililetwa Kivu kutoka Tanganyika mwaka 1959. Nyimbo zake, taa zake, ufundi wa ile mitumbwi mitatu, vyote vimekua ndani ya umri wa mzee mmoja. Ndiyo maana postari zikisema «mila za tangu zamani za kale» mimi nabaki nacheka kidogo, watu wa ziwa wanatengeneza mila kila mwaka, hawangoji mtu awape ruhusa.

Si kila kituo kilikuwa furaha. Kwenye kijiji cha Nyamukubi tulizima muziki wa gari. Ile mvua ya tarehe 4 mwezi wa tano, mwaka uleule, ilikuta watu siku ya soko, Alhamisi, mlima ukashuka pamoja na mawe, huko na Bushushu jirani yake wakafa zaidi ya watu 400. Sisi tulipita hata miezi minne haijaisha. Mama mmoja alikuwa amepanga nyanya zake kwenye kivuli cha jiwe kubwa kuliko gari yetu. Tulinunua, tukasalimia, tukaenda.

Kisiwa cha Idjwi tulikiona tu kwa mbali, kirefu, cha bluu. Kule wanayo Muganuro, sherehe ya mavuno mapya, mtama unapelekwa kwa mwami, chifu wa jadi, kwanza. Iko kwenye orodha yangu.

Mimi sichukii festivali za mjini. Festivali ya Amani ilipoanza hapa Goma, Februari 2014, ilikuwa imeahirishwa kwanza juu ya vita na watu walijaa vilevile, kitu kile kilitupa pumzi. Kinachonikera ni hizi ndogo zinazoiga, wanazungusha uzio ufukweni, viti vya plastiki vya wakubwa mbele, halafu mama anayeuza sambaza pale miaka yote anafukuzwa mlangoni juu hana tiketi. Sasa wakisema wanataka kupeleka mambo hayo vijijini «kuendeleza utalii», naomba waanze na barabara. Podiumu tutaona baadaye.

Ukienda, beba noti ndogo. Asubuhi ya kuondoka Minova nilikula sahani mbili kwa mama mmoja karibu na bandari, nikatoa dola ishirini yenye kakipasuko kadogo pembeni, na dola iliyopasuka huku kwetu watu wanaikataa, akaigeuza, akanirudishia: «Utanilipa ukirudia, baba, ziwa haihame.» Franka 6000. Februari iliyofuata vita vikaikata ile barabara upande wa Sake.

Deni sijalipa mpaka leo.