Kilele cha nyutroni hakijajibiwa

Superkondakta za shaba na oksijeni, yaani vitu vinavyopitisha umeme bila ukinzani wowote vikipozwa, ziligunduliwa mwaka 1986, na bado watu wanabishana: elektroni husukumana, sasa ni nini kinachozifunga jozi ili umeme upite hivyo? Katika metali za kawaida ni mitetemo ya atomu. Katika hizi wengi hutaja mitikisiko ya sumaku, inayopimwa kwa kuzirushia fuwele nyutroni, na wapinzani hujibu kwamba nyutroni hutuonyesha matokeo, si chanzo.

Hoja yao ina uzito. Kilele kinachobishaniwa, yaani nishati moja ambako mitikisiko hiyo huongezeka ghafla, kilichoripotiwa mwaka 1991 katika fuwele za itriamu, bariamu na shaba, kiko kwenye milielektronivolti 41 hivi, na hujitokeza wazi pale jozi zinapokwisha kufungika. Tena kimebeba sehemu ndogo tu ya nguvu yote ya sumaku iliyomo. Mtoto hamzai mama yake, wanasema.

Lakini tazama kilele chenyewe kinavyotokea. Nyutroni husukuma elektroni kutoka mwelekeo mmoja wa mwendo kwenda mwingine, na kilele hupata nguvu iwapo wimbi linaloelezea jozi lina alama chanya huku na hasi kule. Mgeuko huo ndio hasa unaotarajiwa sumaku ikiwa ndiyo inayofunga. Mitetemo ya atomu peke yake kwa kawaida haiuleti. Mwaka 2002 watafiti walipanga fuwele ndogo za msombo wa shaba wenye thaliamu zipatazo 300, zote zikielekea upande mmoja, ili tu nyutroni zipate cha kugonga. Kilele kikaonekana, kwenye milielektronivolti 47.

Kuna namba moja isiyonitoka akilini. Msombo wa seriamu, kobalti na indiamu hupoteza ukinzani kwenye kelvini 2.3 tu, ule wa itriamu kwenye 93. Kilele cha kwanza kiko kwenye milielektronivolti 0.6, cha pili 41. Gawa kila kimoja kwa mara mbili ya pengo lake la nishati, ambayo ndiyo nishati ya kuvunja jozi: katika misombo mingi ya shaba, chuma na seriamu jibu huangukia karibu na 0.64. Vipo vipimo vinavyopotoka, hasa vya chuma, lakini kukaribiana huko katika vitu visivyofanana hivyo kunadai maelezo.

Pingamizi gumu kuliko yote ni superkondakta ya shaba yenye lantanamu: haina kilele chembamba cha aina hiyo, na bado hufikia kelvini 38 hivi. Hata hivyo mitikisiko yake ipo, imesambaa tu. Wanaodai sumaku ndiyo gundi wanazungumzia mtawanyiko huo wote. Kuangusha kilele hakujaugusa.