Texas walizima redio, Nakuru walirusha vitoa machozi

Katika makao ya wazee ninakofanya kazi hapa Dallas kuna bibi mmoja asiyetaka kabisa kusikia Dixie Chicks, bendi ya muziki wa kantri ambayo siku hizi inaitwa The Chicks. Redio ikipiga wimbo wao, ananinyoshea kidole nizime. Siku moja nikamuuliza wamemkosea nini.

Kisa ni cha Machi 2003. Bendi hiyo, iliyoanzia papa hapa Dallas, ilikuwa jukwaani London, vita vya Iraq vikibisha hodi. Mwimbaji wao, Natalie Maines, akasema wanaona haya kwamba rais wa Marekani anatoka Texas. Basi, sentensi moja tu! Stesheni za muziki wa kantri zikagoma kupiga nyimbo zao, na kuna mahali sidii zao zilitandazwa chini zikakanyagwa na trekta.

"Sasa huo ndio uhuru wa kusema mnaotuhubiria?" nikamuuliza. Bibi akacheka. "Yeye alisema, mimi nikazima. Nani hakuwa huru hapo?"

Nilitaka kubishana, nikakosa pa kuanzia. Katiba yao, tangu marekebisho ya 1791, inaifunga mikono serikali isimzuie mtu kusema. Haimlazimishi mtu akununulie tikiti. Maines alitishiwa kupigwa risasi kwenye tamasha la hapa Dallas, na waliomlinda ni polisi. Hapo ndipo mimi, mtoto wa Kondele, Kisumu, nilipotulia kidogo.

Kwa sababu nakumbuka Nakuru, Aprili 2025. Wasichana wa shule ya upili ya Butere walikuja na tamthilia yao ya kuikosoa serikali kwenye tamasha la kitaifa la drama. Mahakama Kuu ya Kisii ilikuwa imeshaamuru waruhusiwe kuigiza. Mwandishi wao, Cleophas Malala, aliyewahi kuwa seneta wa Kakamega, akakamatwa. Wasichana wakaimba wimbo wa taifa, wakatoka jukwaani bila kuigiza, na huko nje polisi wanarusha vitoa machozi. Watoto wa shule!

Na Malala ni mtu wa jina. Alipokamatwa nchi nzima ilijua usiku huohuo. Albert Ojwang', mwalimu, hakuwa na jina hilo. Alikamatwa kwao Homa Bay Juni mwaka huohuo, kwa madai ya kumchafulia jina mkubwa wa polisi mtandaoni, akasafirishwa hadi Nairobi. Kesho yake alikuwa maiti. Polisi wakasema alijigonga ukutani. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha vingine.

Ndiyo maana huwa nachoka nikisikia watu wetu wakisema wasanii waimbe tu, siasa waachie wanasiasa. Mbona kampeni zikianza msanii analipwa apande lori, aimbe jina la mheshimiwa kutwa nzima, na hakuna anayemuuliza siasa amesomea wapi? Anaulizwa akikosoa. Staa akikosoa ana mawakili, ana kamera zinazomfuata hadi mlango wa seli. Mwalimu wa kijijini ana nini?

Si kwamba nataka kila mwenye kipaza sauti aropoke. Kisumu na Nakuru tuliyaona ya 2007 na 2008, ghasia za baada ya uchaguzi, tukajua matusi ya kikabila ya jukwaani na redioni yanaishia wapi. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 33, inatupa uhuru wa kujieleza lakini inauwekea mpaka kwenye uchochezi na matamshi ya chuki. Wamarekani huona ajabu nikiwaeleza hilo. Mimi naliona la busara, mradi neno "uchochezi" lisigeuzwe gunia la kutilia kila anayeuliza kodi yake imekwenda wapi.

Nina binamu Kondele, mwendesha boda boda, wafuasi wake hawajazi hata matatu tatu. Kila akiandika kitu kikali, shangazi ananipigia usiku wa huku: "Mwanangu, ongea na ndugu yako." Wiki jana niliongea naye.

"Omera, wewe uko Texas," akaniambia, "unaogopa nini?"

Nikamwambia afute. Akafuta.